Taa za sikukuu ni chombo, si maua

Wiki ya kwanza ya Januari, siku ya gari la taka, mtaa wetu wa Magomeni hutoa nje kila kilichobaki cha sikukuu. Viroba hupangwa ukingoni mwa barabara: maganda ya nanasi, maboksi ya juisi, makaratasi ya zawadi, ukoko wa pilau. Na kila mwaka, katikati ya hayo yote, hakukosi kuchungulia waya mwembamba wa kijani uliojisokota kama mizizi, vitaa vyake bado vimo. Wiki mbili nyuma vilikuwa vinametameta barazani kwa mtu, watoto wamesimama chini yake vichwa juu. Sasa vimelala juu ya maganda.

Januari iliyopita niliuona mmoja kwenye kiroba cha jirani. Nikabisha hodi.

"Jirani, huu waya mmeutupa kweli?"

"Umekufa huo. Uliwaka wiki moja, ukazima. Wewe uchukue tu kama una kazi nao."

Nikauchukua. Fundi redio wa pale kona alifungua kile kiboksi cha kubadilishia mwako, akanionyesha uzi mmoja wa shaba uliochomoka pale ulipochomelewa. Akaweka tone la risasi, akazungusha tepu nyeusi mahali waya unapoingia kwenye kiboksi ili usivutike tena, akanidai elfu moja. Akachomeka. Vitaa mia moja vikawaka juu ya meza yake, kati ya redio zilizopasuliwa matumbo.

Makala haya yamezaliwa na waya ule. Ninalotaka kusema ni hili: taa za sikukuu ni chombo cha nyumba, si maua ya kunyauka. Chombo huchaguliwa kwa makini, hutumiwa kwa adabu, hufutwa, huwekwa, na kwa desturi zetu huazimwa. Sisi tumekubali kwamba taa hizi ni za kununua Desemba na kutupa Januari. Kwa kukubali hivyo tunapoteza fedha, tunaziweka nyumba zetu hatarini, na tunapoteza kitu cha tatu ambacho kwangu mimi kina thamani kuliko hivyo viwili.

Nililelewa Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Umeme ulikuwepo ndani, lakini shughuli ilipohamia uani, chini ya turubai, mwanga ulikuwa wa karabai. Karabai haikuwa mali ya kila nyumba. Mwenye nayo alijulikana kama alivyojulikana mwenye masufuria makubwa na mwenye majamvi. Mtu alikuja alasiri, akabisha hodi, akaketi, akauliza hali za wagonjwa, ndipo akasema shida yake: "Mzee, leo usiku tuna maulidi, tumekuja kuomba karabai." Hakupewa na kuachwa. Alikumbushwa namna ya kupiga pampu, akaonywa asiguse ule utambi wa kitambaa, ambao ukishaungua mara ya kwanza hubaki majivu yaliyoshikana na huvunjika kwa kidole. Asubuhi karabai ilirudi kioo kimefutwa, mafuta yamejazwa.

Baba alipoleta nyumbani taa zetu za kwanza za Krismasi, alizitendea kwa adabu ileile ya karabai. Zilikuwa ishirini, za kioo, nyekundu, kijani, buluu na manjano, na ndani ya boksi mlikuwa na globu tatu za akiba. Alizizungusha kwenye tawi la mvinje lililosimamishwa katika ndoo ya mchanga. Baada ya Epifania alizivua moja moja, akazifuta, akazizungusha kwenye kipande cha ubao, zikapanda juu ya kabati penye vyombo vya wageni.

Mfungo Sita ulipoingia, alikuja mtoto wa nyumba ya tatu. "Shikamoo baba. Babu anasema, zile taa zenu za rangi, tunaziomba kwa ajili ya maulidi." Tulizipeleka mimi na kaka yangu, baba akatufuata nyuma kuhakikisha zimefungwa mbali na turubai. Usiku ule niliziona taa zetu juu ya vichwa vya watu waliovaa kanzu, madufu yanalia, udi unafuka. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na sijapata kuona nyumba yetu ikitukuka namna ile. Ziliporudi zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti, na juu yake sahani ya halua.

Hicho ndicho kitu cha tatu nilichokisema. Taa iliyotunzwa inaweza kuazimwa, na taa inayoazimwa huvuka kizingiti cha dini bila mtu yeyote kutoa hotuba. Taa ya kutupwa haina safari hiyo. Inakufa palepale ilipotundikwa.

Wala taa hizi hazikuanza kama kitu cha kutupwa: mwanga wa umeme ulitufikia kama fahari ya wakubwa. Zanzibar uliingia katika Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, likaitwa la maajabu kwa sababu kama hizo. Dar es Salaam umeme wa kwanza wa mjini uliwashwa mwaka 1908, enzi ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Na huko Marekani, taa za umeme za Krismasi zilianzia sebuleni kwa tajiri: Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, Desemba 1882 aliufunga mti wake New York taa 80 nyekundu, nyeupe na buluu, mti wenyewe ukizunguka taratibu. Kabla ya hapo watu walibandika mishumaa kwenye matawi makavu na kuweka ndoo ya maji pembeni. Ilipita miaka ishirini hivi, hadi mwaka 1903, ndipo zikaanza kuuzwa dukani taa zilizokwisha kuunganishwa kwenye waya mmoja, ambazo mtu hakuhitaji kumwita fundi azifunge.

Leo sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia nzima hutoka mji mmoja wa China uitwao Yiwu, ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaujua kama wanavyoujua mtaa wa Msimbazi. Na taa zenyewe zimebadilika. Zile za baba zilikuwa na uzi wa chuma ndani kilichowaka kwa joto. Za sasa ni LED, punje inayotoa mwanga bila kuchoma kitu. Punje nyekundu ilipatikana mwaka 1962. Ya buluu yenye nguvu ilisumbua vichwa hadi miaka ya 1990, na bila buluu hakuna mweupe. Ndiyo maana Wajapani wawili, Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura, mzaliwa wa Japani aliyehamia Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Punje hiyo ikipewa umeme wa kiasi chake huweza kuwaka maelfu kwa maelfu ya saa. Piga hesabu: ukiwasha saa tano kila usiku kwa mwezi mzima wa sikukuu, ni saa 150 kwa mwaka. Kitu chenye uwezo wa kuwaka sikukuu za maisha ya mtu tunakitupa baada ya wiki tatu.

Kwa nini basi zinakufa? Mara nyingi si punje inayokufa. Kinachokufa ni waya, kiboksi na plagi. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapobana gharama, na hapo ndipo mnunuzi hatazami.

Basi ukienda Kariakoo Desemba, usianze na vitaa. Vitaa vyote hupendeza vikiwa dukani. Anza na mkia. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili, na plagi yake halisi ina fyuzi ndani. Taa nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili myembamba, nawe unapewa adapta ya bure. Adapta inayochezacheza kwenye soketi hutoa cheche, cheche huleta joto, joto huyeyusha plastiki. Ukikosa yenye plagi yetu, mpe fundi akufungie plagi nzuri yenye fyuzi ndogo kabla hujaiwasha hata mara moja.

Kisha soma namba. Umeme wetu ni wa volti 230. Kwenye lebo paandikwe 220 hadi 240. Hapa nawaomba ndugu zetu walioko Marekani wanaotuletea taa nzuri ndani ya masanduku yao: huko umeme ni wa volti 120. Taa hizo zikichomekwa Dar es Salaam zitang'aa kupita kiasi kwa muda mfupi, kisha harufu itasambaa. Leteni za betri, au zinazotumia chaja ya simu. Hizo hazina nchi.

Halafu shika waya wenyewe. Uwe na unene wa kukupa imani, ukunjike bila kuacha kovu jeupe. Kama una kisumaku kidogo, kipitishe karibu na mahali shaba ilipo wazi: shaba hainaswi na sumaku, na ikinaswa ujue ni chuma kilichopakwa shaba. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokitendea chuma. Vuta kwa upole pale waya unapoingia kwenye kiboksi na pale unapoingia kwenye kitaa. Kama unateleza leo mikononi mwako, Desemba ijayo utakuwa umekwisha kuchomoka.

Kama taa zitakaa nje, tafuta herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inaeleza vumbi, ya pili inaeleza maji. IP20 ni ya sebuleni tu. IP44 inastahimili manyunyu ya kila upande. IP65 inastahimili hata maji ya mpira. Vuli haimalizi kazi yake kwa sababu ya Krismasi. Mvua ya Desemba ikikukuta na IP20 barazani, usimlaumu mwenye duka.

Mwisho omba ziwashwe, na zikae zinawaka dakika kumi huku mnazungumza bei. Weka kiganja kwenye kiboksi. Uvuguvugu si neno. Kama kinakufanya uondoe mkono, rudisha. Ndipo sasa utazame rangi. Binafsi nachagua mweupe wenye umanjano, ule ulio karibu na mwanga wa koroboi na chemli, maana unaupa uso wa mgeni uhai. Mweupe wenye ubuluu ni wa wodini. Lakini hapo kila mtu na jicho lake, mradi kabla ya kwenda dukani umepima baraza lako kwa kamba, usije ukanunua mita kumi kwa mahali pa mita sita, kisha nne zilizobaki zikalala fundo nyuma ya mlango.

Kijana muuzaji aliniambia mwaka jana: "Mama, chukua hizi za elfu tano. Zile za elfu ishirini na tano ni za watu wa mahoteli." Nilimwelewa, anatafuta riziki. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Elfu tano kila Desemba, kwa miaka mitano, ndiyo hiyohiyo ishirini na tano, na mwishoni huna kitu mkononi ila viroba vitano vilivyokwenda jalalani.

Najua atakayenijibu: mwenye elfu tano ana elfu tano, huwezi kumwambia akope ili apambe. Ni kweli, nami sitamwambia hivyo. Nitamwambia atazame alipo. Mitaa yetu imejaa vikundi vya akina mama vyenye masufuria, viti vya plastiki, turubai, hata sahani na vijiko vya watu mia mbili, vyote vya kuchanga na vyote vya kuazimana. Hakuna mama wa kikundi anayenunua turubai la kutupa. Kwa nini taa zisiingie kwenye stoo hiyohiyo? Nyumba tano zikitoa elfu tano tano, zina waya mmoja wa maana. Mwaka wa pili zikitoa tena, zina miwili. Kwa muda wa Krismasi tano, kila nyumba ina wake, na hakuna uliotupwa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na safari hii moto wenyewe ni wa mapambo.

Kununua vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili niliifunzwa kwa hofu.

Miaka mingi iliyopita, katika nyumba yangu ya kwanza ya kupanga, nilinunua waya wa bei ya chini kabisa, nikauzungusha kwenye tawi la mvinje lililokwisha kukauka, na tawi nikalisimamisha karibu na pazia kwa sababu hapo ndipo palipoonekana kutoka barabarani. Mkesha wa Krismasi tulirudi kanisani tumechoka, tukalala taa zinawaka. Saa tisa usiku niliamshwa na harufu. Kiboksi kilikuwa kimeyeyuka kama mshumaa, na pindo la pazia limekuwa jeusi kwa upana wa sahani. Moto haukushika. Mwanangu mchanga alikuwa amelala chumba cha pili. Nilichomoa plagi kwa kanga, nikaketi sakafuni hadi alfajiri, nikiangalia lile doa.

Sikumlaumu muuzaji, ingawa bidhaa ilikuwa mbovu. Makosa matatu yalikuwa yangu: mti mkavu, kitambaa karibu, na usingizi. Tangu siku ile nina sheria nyumbani kwangu. Tawi likatwe karibu na siku yenyewe, lisimamishwe ndani ya maji na si mchanga, na maji yaongezwe kila asubuhi. Taa isikae karibu na pazia, mkeka, wala karatasi. Na anayelala wa mwisho huzima. Hatuachi taa za mapambo ziwake katika nyumba iliyolala, wala katika nyumba isiyo na mtu.

Kuna na mengine ya kutundika ambayo mafundi huyarudia kila mwaka. Usipigilie msumari juu ya waya, na usiukaze kwa waya mwingine wa chuma. Tumia kamba ya katani au vishikizo vya plastiki. Usiupitishe kwenye ukingo wa bati. Bati hukata kama kisu, upepo ukiutikisa waya usiku kucha, asubuhi ganda limeliwa, na paa zima linaweza kushika umeme. Mtu anayeegemeza ngazi ya chuma hapo hatapata nafasi ya kujifunza. Soketi na ekstensheni zibaki ndani, pakavu. Waya unaoingia ndani kutoka nje uachiwe ushuke tumbo kidogo kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la mvua lidondoke chini ya lile tumbo, lisitembee hadi kwenye plagi. Usifiche ekstensheni chini ya zulia, na usiunganishe waya mkiani mwa mwingine hadi ukasahau idadi. Lebo hueleza ni mingapi inaruhusiwa.

Umeme ukikatika, chomoa. Usingoje urudi. Mara nyingi unaporudi huja na kishindo, na vile viboksi vidogo havina kifua cha kukipokea. Subiri dakika tano baada ya feni kuanza kuzunguka, ndipo uchomeke. Taa nyingi zinazosemwa zimekufa zenyewe ziliuawa na kishindo hicho.

Wapo pia ambao bado wana taa za zamani za kioo, kama za baba, na mimi nasema msizitupe, lakini mzielewe. Zile hupangwa kwa msururu, umeme unapita kwenye moja ndipo ufike kwenye ya pili. Za kale kabisa, moja ikiungua, zote zilizima, na baba aliketi na globu moja nzima akizijaribu moja baada ya nyingine hadi ampate mkosaji. Zilizofuata ziliwekewa kijiwaya cha akiba ndani ya kila globu: ikiungua, umeme unapita njia hiyo na nyingine zinaendelea kuwaka. Watu wakafurahi na kuacha kubadilisha. Kumbe kila inayoungua inawaachia wenzake mzigo wake. Zilizobaki hupata umeme mwingi zaidi, zinapata joto zaidi, zinaungua upesi zaidi. Badilisha iliyoungua usiku huohuo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu gharama ya umeme wa LUKU, wengi wanaogopa pasipostahili. Waya wa LED wa vitaa mia moja hula kama wati sita. Saa tano kwa usiku, siku thelathini, ni chini ya yuniti moja kwa mwezi mzima. Vitaa mia vya aina ya zamani, vya wati arobaini hivi, vitakula yuniti sita. Zile globu kubwa za wati saba, zikiwa ishirini na tano, zitapita kidogo yuniti ishirini na sita. Kwa hiyo sizimi usiku kwa ajili ya bei. Nazima kwa ajili ya usalama, na kwa sababu usiku una wenyewe pia. Wenye nyumba na hoteli za ufukweni wanalijua hili, au wanapaswa kulijua: kasa mdogo akitoka kwenye yai mchangani huufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu kuumbwa kwake ulikuwa bahari. Taa ikiwaka nyuma yake, huelekea nchi kavu na kufa. Taa inayotazama ufukwe haina sababu ya kuwaka hadi alfajiri.

Sikukuu zikiisha, kuna jioni moja inayohitaji subira, na ndiyo inayotenganisha chombo na taka. Chomoa kwanza. Vua kuanzia mwisho, usivute kuanzia chini. Futa kila kitaa kwa kitambaa kilicholowana kidogo kisha kikavu, maana vumbi na chumvi vikikaa miezi kumi na moja hula shaba hadi inageuka kijani. Zungusha waya kwenye kadibodi uliyoikata pembeni kwa makasi, mwisho wa waya ukianza na plagi ikimaliza, ili mwakani uweze kuupima kabla ya kuufungua. Andika kwenye kadibodi: mita ngapi, ndani au nje, mwaka wa kununua. Za betri, toa betri. Betri iliyosahaulika huvuja na kula vishikio vyake. Za sola, ujue betri huchoka kabla ya taa, na hubadilishwa kwa bei ndogo. Weka kwenye ndoo yenye kifuniko, si kiroba, kwa sababu panya hupenda kuguguna plastiki, na usiweke juu ya dari chini ya bati, kwa kuwa joto la Februari hukausha ganda la waya hadi likapasuka.

Ikishindikana kabisa, mpelekee fundi kabla ya jalala. Kuchoma nyaya ili kupata shaba, kama vijana wetu wanavyofanya, hutoa moshi wenye sumu unaoingia kwanza katika mapafu yao wenyewe.

Nina maombi mawili kwa wenye nafasi. Kwa wafanyabiashara wetu: mnapoagiza, ulizeni kuhusu plagi na waya kabla ya kuuliza kuhusu rangi, na mlete viboksi na globu za akiba peke yake, kama mnavyoleta vipuri vya pikipiki. Mnunuzi anayejua kwamba atapata kipuri ataridhia kulipa zaidi. Kwa wakaguzi wa viwango: Desemba ndiyo msimu wa kupita madukani, siyo Machi. Waya usio na lebo ya volti haufai kutundikwa juu ya kitanda cha mtoto wa mtu yeyote, na kwa hiyo haufai kuuzwa.

Sasa nirudi kwa ule waya wa kiroba. Niliuzungusha kwenye kadibodi, nikaandika mwezi na jina la mtaa. Idi el-Fitri ilipokaribia, nilimpelekea jirani yuleyule aliyeutupa. Hakuamini hadi alipouchomeka. Kutoka kwake ulikwenda kwenye harusi ya binti wa nyumba ya nne. Mfungo Sita uliwaka madrasa, wiki nzima, na ukarudi na sahani ya visheti ambayo sikuitarajia, nikakumbuka gazeti na halua ya Ngamiani. Kila aliyeuazima aliandika jina lake kwenye kadibodi, hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini waya huu kila mara umerudi mzima, umefutwa.

Jana jioni jirani alibisha hodi. Wajukuu wake wanakuja kutoka Morogoro likizo hii, anataka baraza lao lipendeze wakifika. Hakusema waya wako, wala ule nilioutupa.

"Jirani," akasema, "ule waya wetu uko kwako?"